Mtu wa Kwenda Naye

Benchi liko mbele ya kibanda cha matairi cha Ndegwa, pale Mai Mahiu, malori yanapopumzika kabla ya kupanda mlima. Kila asubuhi birika la kahawa huwekwa juu ya ringi kuukuu na ubishi unaanza. Kibii, dereva mstaafu waliyembandika jina Breki, siku hizi anakaa mwisho kabisa wa benchi. Mshipi ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Leo aliweka aibu kando, akasema: choo yake ni nyeusi kama lami, na ugali unamkwama kifuani.

— Hiyo ni ulcers, akasema Ndegwa, anayeitwa Daktari kwa sababu hakuna ugonjwa asioujua. Wacha pilipili.

— Ulcers gani? Ogola, mwenzao wa benchi, akamkata. Hiyo ni moshi ya dizeli. Ameivuta miaka yote, sasa inatoka chini.

— Moshi haiendi tumboni, bwana. Ni huu mlima. Ukiteremka sana, matumbo yanajikunja. Mbona masikio huziba?

— Basi apande arudi juu, yajikunjue.

— Apande na reverse.

Wakacheka. Kibii akacheka nao, kiganja kikiwa tumboni.

— Hospitali walitaka kuingiza kamera, akasema. Wananilaza na dawa, so lazima nije na mtu wa kunirudisha nyumbani. Ilikuwa Jumanne.

— Wakaona nini?

— Sikuenda.

— Breki ameogopa kamera, Ogola akasema.

Jumanne Kibii alikuwa amevaa shati safi, akakaa kitandani akipitia majina kwenye simu. Madalali, makanika, wapakiaji. Namba za watu hawa wawili pia zilikuwepo. Alizitazama sana bila kupiga hata moja, kisha akavua shati akalikunja.

Upande wa pili wa benchi alikuwa mama mmoja, Waithera, dereva wa lori la viazi, akingoja pancha yake izibwe. Hajawahi kukaa hapo.

— Choo nyeusi hivyo inaweza kuwa damu, akasema. Si ya kungoja. Mimi naelekea Nakuru sahi, nitamfikisha hospitali. Lakini pale wanataka mtu wa kukaa na yeye. Nani anaenda naye?

Ogola akachungulia ndani ya kikombe chake. Ndegwa akainua birika, akalitikisa.

— Kahawa imeisha, akasema, na akarudi kwa tairi.

Kibii alisimama polepole, akajipangusa suruali, akangoja mmoja wao ageuke.