Sista Hatakuja Tena Jumanne

Asubuhi ile, kwenye benchi la chai la Pappachan pale njia panda ya Chenampara, chai ilikuwa inapoa kwenye glasi, na kwa watu wale hilo ni balaa. Halmashauri ya kijiji ilikuwa imepunguza bajeti ya wauguzi wanaowafuata wagonjwa majumbani. Ammini, mke wa Velayudhan, ana mwaka wa tatu kitandani, upande mmoja umepooza, na kila Jumanne sista humsafisha kidonda cha mgongoni. Sasa eti atakuja mara moja kila miezi miwili. Kidonda kile hakingoji hata wiki mbili, na mzee wa watu alikuwa amekaa pale benchini, chai yake hajaigusa.

— Hela imekwenda kwenye jukwaa la uwanja wa mpira, alianza Gazeti, aitwaye hivyo kwa kuwa huwasomea watu habari kwa sauti, wapende wasipende.

— Lile la mabati chakavu? Wewe nawe! akadakia Ghuba, aliyefanya kazi Sharja, kule Ghuba ya Uarabuni, miaka kumi na moja na mpaka leo hajamaliza kuisimulia. Huu ni mpango wa hospitali za mjini. Mgonjwa akishaozea nyumbani, atapelekwa wapi? Kwao!

— Chunga mdomo wako, Ghuba, alisema Velayudhan. Huyo unayemuozesha ni mke wangu.

— Samahani, kaka. Nasema mfumo.

— Mfumo hauna kidonda!

Pappachan alizidisha maziwa kwenye sufuria. Gazeti akaona mwanya.

— Mimi nasikia wanaleta mashine. Inamgeuza mgonjwa yenyewe.

— Nimeiona Sharja! Inaimba kabisa!

— Na itajua Ammini anaogopa maji ya baridi? Velayudhan aliuliza. Itajua akifumba jicho moja ndiyo anaumia?

Hapo akatokea sista Bindhu mwenyewe, na mkoba wake begani, jasho linamtiririka.

— Sista, mbona kwa miguu? aliuliza Velayudhan.

— Gari wamelisimamisha, baba. Nimetoka kumsafisha mama Ammini, na sijui lini tena. Jana nilikwenda ofisini kulalamika. Wakanionyesha muhtasari: mkutano wa kata ndio uliopitisha bajeti ipunguzwe. Watu mia moja na sita.

— Waongo hao! Gazeti alifoka. Wamebuni watu!

— Majina yenu yamo, baba. Na saini zenu.

Benchi zima likanywea. Jumapili ile ya mkutano, ukumbini walifika watu tisa, basi karani akaleta daftari la mahudhurio hapa hapa benchini, kama kila mwaka, ili akidi itimie, mkutano uhesabike halali. Wakamsaidia, maskini, ana kazi nyingi. Walisaini huku wanatafuna bhajia za dengu na kubishania kriketi, na Velayudhan ndiye aliyetangulia.

— Nimefurahi kweli kusikia mlikuwepo, alisema Bindhu, wala hakuwa na kejeli. Leo naandika rufaa. Nisaidieni tu: ilipofika zamu ya wagonjwa wa nyumbani, mlisema nini?

Gazeti alitazama miguu yake. Ghuba alitazama barabara.

— Wewe je, baba? Ulimsemea nini mama?

Velayudhan alimsogezea glasi yake ya chai, imeshapoa. Sista alikuwa ameshakaa karibu yake, anamngoja.