Sabuni Haimuogopi Juge

Koko Claire alifunga macho katika gari ya kutoka Komanda, si kwa usingizi, ila asikie vizuri. Mbele yake Mama Kavira alikuwa anamueleza mwalimu mumoja, asiyemujua, namna tribunali ilimuondoa ku uongozi wa kampuni ya sabuni yenye alianzisha pamoja na mwenzake Kamate.

"Sababu gani, mama?"

"Mimi na Kamate, kila mumoja alikuwa anafukuza watumikaji wa mwenzake. Sasa juge wa tribunali ameweka mutu wa kuongoza miezi sita."

Koko akawaza: na nani alibaki wa kupika sabuni?

"Juge iko na haki," mwalimu akasema. "Mulishindwa kusikilizana."

"Haki iko nayo. Lakini ule mutu wake, anajua kuonja sabuni na ulimi, asikie kama soda, ile dawa kali ya kupikia, imezidi? Jana sabuni yote ilibakia uji."

"Kwa hiyo utavunja sheria?"

"Juge alinikataza kuamuru na kutia sinyatiri ku karatasi za kampuni. Ulimi wangu hakuutaja. Leo naingia kama mutumikaji."

"Na ule mutu wa juge akikufukuza?"

Gari ikasimama Rwambuzi, karibu na kampuni. Mama Kavira akashuka polepole, akikunja mikono ya blauzi.

"Anifukuze, baba, mbele ya wamama wote wenye nilifundisha ile kazi."