Majina Aliyoyaandika Mwalimu Jovin Byarugaba

Ndugu, majirani na waombolezaji, tunayemlaza leo hapa Rugu ni Mwalimu Jovin Byarugaba. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Kibingo, Kyerwa, mtoto wa tatu wa mzee Byarugaba na mama Celestina, wakulima wa migomba na kahawa.

Alisoma shule ya msingi Kibingo, akaendelea na sekondari Bukoba, na mwaka 1986 akahitimu ualimu. Akiwa darasa la sita aliona kitabuni picha ya Wamisri wa kale wakipima moyo wa marehemu kwenye mizani, upande wa pili unyoya; moyo wenye makosa ulizidi uzito. Alimwuliza mama yake kama moyo wa babu ulikuwa mzito.

"Babu yako alikuwa akila senene wa wenzake," alijibu mama. "Mzito sana. Menya ndizi."

Alifundisha historia Bugene, kisha Rugu, hadi alipostaafu mwaka 2023. Hakuwahi kuingia darasani bila kunyoosha shati.

Tarehe 11 Januari 1992 alifunga ndoa na Mackrine, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayewasomea. Walijaliwa watoto wawili.

Baada ya kustaafu alianza kuandika riwaya ya misukule wanaolimishwa shamba la tajiri mmoja, mpaka Osiris, mfalme wa wafu wa Misri, anapokuja kuwadai. Alikuwa amesoma kwamba Wamisri waliamini mfu asiyetajwa jina hufa mara ya pili. Kwa hiyo kila msukule alimpa jina la marehemu wa kijiji hiki. Hapo ndipo alipokosea, maana hakuwaomba ruhusa wenye marehemu wao.

Alisoma sura ya kwanza uani, kina mama wakimenya ndizi. Bibi Kemilembe alilisikia jina la marehemu mumewe akacheka.

"Mwalimu, yule hata akiwa hai jembe lilimshinda. Ukimfufua atakulimia nini?"

Ulikuwa utani. Ulipofika barabarani ukawa habari: Mwalimu anafuga misukule. Mzee Karekezi, aliyempoteza binti yake Placidia, alisimama mlangoni.

"Mwalimu, mwanangu mtoe humo."

"Mzee wangu, sura ya mwisho wote wanaitwa kwa majina na kuachiwa huru. Nivumilie niiandike."

"Mpaka lini? Anachoka."

Tangu siku hiyo hatukusalimiwa. Mwezi wa Juni mwaka huu marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tarehe 30 Oktoba alizidiwa. Mvua ilikuwa imekata barabara, na hakuna jirani aliyekuja kushika machela. Nilimbeba na binti yangu na vijana wawili wa bodaboda, watu wasiotujua. Siku tano hospitalini alinitamkia sura ya mwisho kwa sauti iliyokuwa ikikatika, nami nikaandika. Alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, baada ya kutaja jina la hamsini na mbili, la mwisho.

Ukoo umeniomba madaftari ya riwaya hii yazikwe naye, maneno yaishe. Nimekataa. Yakizikwa, mtabaki na mlichosikia barabarani, na wanangu watabaki watoto wa mchawi. Mume wangu hakuwa mchawi. Alikuwa mwalimu aliyeogopa msije mkasahauliana.

Ameacha mjane, watoto wawili, Ainebyona na Adventina, wajukuu watatu, na dada yake, Placidia wa Kibingo, ambaye jina lake alilipenda hata kabla ya kulikuta kwa mzee Karekezi.

Sura ya mwisho iko juu ya jeneza, kurasa kumi na moja, kwa mwandiko wangu. Mzee Karekezi, shikamoo. Ukurasa wa nne ni wa binti yako. Anaachiwa huru wa kwanza. Nakuomba uusome mwenyewe, kwa sauti, majirani wasikie. Baada ya hapo, ukiona inafaa, shika jembe utufukie mtu wetu. Vijana wa kukodi wapo, lakini nimewaambia wasubiri.

Mwalimu Jovin alale kwa amani, na jina lake litajwe bila hofu.