Suti Niliyomshonea Baba Yenu Mdogo

Sikilizeni, wanangu, na wewe kifungua mimba acha kunipepea, sitaki upepo, nataka masikio. Cherehani ni ya dada yenu, maana ndiye aliyejifunza kazi nyie mkiona aibu kubeba vitambaa. Chumba cha duka mtakitumia wote, na asikiuze mtu. Hayo yameisha. Sasa nawaambia uchafu wangu.

Mmenijua mtu wa kanisa. Sikunywa, sikuiba kitambaa cha mteja hata cha kutosha mfuko wa shati, na mngeniuliza ningewaambia mikono yangu ni safi. Safi! Nikiitazama natamani kutapika. Baba yenu mdogo alipochaguliwa mzee wa kanisa, nafasi niliyojua ni yangu, nilimpa mkono nikatabasamu, kisha nikaketi nyuma yake Jumapili baada ya Jumapili, na wakati wa maombi, wenzangu wamefumba macho, mimi nimeyakodolea mabega yake, nampima kwa macho, shingo, kifua, urefu wa mkono, suti ya kuzikiwa. Nikajiambia ni wazo tu, wazo halimdhuru mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanangu. Wazo nililipa kiti, likataka kitanda. Mwaka wa pili nikanunua kitambaa cheusi, nikakikata, nikatia bitana, nikapiga pasi, huku naimba nyimbo za kanisa. Mtu mzima mwenye wajukuu! Suti hiyo imo kabatini, chini ya sare za kwaya, na tangu nianze kushona sijatoa nguo iliyokaa sawasawa kama ile. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi.

Na ni nani anayenigeuza kitandani huu mwezi wa tatu, ananiosha nyinyi mkiziba pua? Ni yeye. Akinishika najiona funza. Kikulacho ki nguoni mwako, wasemavyo watu. Basi nguoni mwake nilikuwa mimi.

Kwa hiyo msingoje wazo liote mikono ndipo mtubu. Litakuja limevaa sura ya haki yako, litasema umeonewa. Lifukuzeni lingali mlangoni, mwambieni Bwana lingali dogo, hata kama mnaona haya. Wewe kitinda mimba, nimekuona unavyomtazama dada yako tangu nilipotaja cherehani. Acha. Acha leo hii.

Suti ile msiichome. Mnizike nayo mimi. Itanipwaya, mikono itanifunika vidole, na waombolezaji watanong'ona. Msiipunguze hata uzi.

Bwana awabariki... ngojeni, pumzi... awape mioyo isiyonuka. Awapatanishe mngali na nguvu. Basi. Baba yenu mdogo yuko hapo nje, namsikia anakamua kitambaa cha kuniosha. Mwiteni. Msimwambie nyinyi, nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo huu. Akitaka kuondoka... msimzuie. Mwiteni, wanangu. Upesi...