Amina ya Kila Jioni

Rogath alikuwa zao la shule ya bweni, ambako mvulana aliyelia hakuulizwa sababu. Jioni hiyo, ndani ya basi la mwendokasi lililotoka Kivukoni, alichukizwa na mwanamume wa kiti cha mbele aliyekuwa akimweleza siri zake mwanamke asiyemjua, mwenye mfuko wa samaki. Hata hivyo, hakuacha kusikiliza.

"Duka langu la Kariakoo nimelifunga tangu Februari," alisema yule mwanamume. "Kila asubuhi natoka na funguo, nakwenda kushinda kwenye nyasi za bustani ya Mnazi Mmoja. Jioni mke wangu anamshukuru Mungu mezani kwa ajili ya duka, na mimi naitikia Amina."

"Suruali yako imejaa majani, kaka. Mkeo hana macho?" aliuliza mwanamke. "Mwambie leo. Labda atashukuru kwamba umerudi mzima."

"Nitamwambia."

"Bila shaka hivyo ndivyo ulivyojiambia hata Februari."

Rogath aliliona jibu hilo kuwa kali, lakini la haki.

"Mimi umeniambia, na hata jina langu hulijui," aliendelea mwanamke. "Yeye unashindwaje kumwambia?"

Basi lilisimama kituoni. Mwanamke akainuka na mfuko wake.

"Wewe unashuka, dada," alijibu mwanamume.