Harithi Bashiri na Safari Moja ya Nambilanje

Kuna jambo nimelificha kwa miaka kumi na saba, nami nitalisema humu kabla sijaweka kalamu chini. Kwanza niandike kama jarida hili linavyotaka.

Ndugu Harithi Bashiri anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kulitumikia shirika letu la mbegu, kituo cha Nachingwea, kwa miaka thelathini na minne. Miaka kumi na saba ya kwanza alikuwa barabarani. Miaka kumi na saba ya mwisho alikuwa getini. Kilichomtoa barabarani na kumpeleka getini nakijua, na hadi mwezi uliopita nilidhani nakijua peke yangu.

Wengi wenu hamnifahamu. Naitwa Masoudi, nilikuwa Afisa Usafirishaji hadi 2009. Nina miaka sabini na sita, na naandika nikiwa nimeegemezwa mito nyumbani kwa binti yangu, Ruangwa, ukurasa mmoja asubuhi na mwingine jioni nikipata pumzi. Daktari ameniambia bila kuzunguka hali ya moyo wangu ilivyo. Sidhani kama nitauona msimu ujao wa korosho.

Harithi aliajiriwa Machi 1991 akiwa utingo wa lori la mbegu. Alipewa leseni na usukani mwaka 1996, na tangu hapo hakuna kijiji cha wakulima wetu ambacho hakikumjua, kuanzia Chiola hadi Malolo. Katika mvua kubwa za 1998 pikapu ilizama kwenye tope kabla ya kufika Malolo. Harithi alivua shati, akafunika magunia ya mbegu za ufuta kwa turubai, kisha akayabeba moja moja kichwani hadi kwenye ghala la kijiji. Alipofika na gunia la mwisho, wakulima walimwuliza kwa nini hakujifunika na yeye. "Mbegu ikilowa itaotea guniani," akawajibu. "Mimi nikilowa nitakauka." Hadithi hiyo ilizunguka wilaya mbili. Wakati huo jina lake lilikuwa Harithi tu.

Mwaka 2007 mkurugenzi wa wakati ule alitaka gari la heshima, lenye mbio, la kumfikisha Lindi na kumrudisha siku hiyo hiyo. Kutafuta gari ilikuwa kazi yangu. Nilichagua gari dogo, saluni nyeusi ya Kijapani, iliyotumika kidogo, yenye injini ya turbo. Karatasi ya muuzaji ilisema lita moja inakwenda kilomita kumi na tatu, nami niliisoma karatasi hiyo mbele ya kikao kizima kwa sauti ya mtu aliyeliunda gari mwenyewe. Nilipigiwa makofi.

Harithi akakabidhiwa funguo. Wafanyakazi wakaliita gari lile Bi Harusi, kwa sababu halikutaka tope, halikutaka kuharakishwa asubuhi, na kila mahali lilitaka kula kwanza. Na kweli lililia njaa. Kwenye barabara zetu za vumbi na mchanga, gia ya pili kilomita nyingi, mashimo, mkurugenzi nyuma akihimiza, Harithi hakupata hata mara moja kilomita kumi na tatu. Aliandika kwenye kitabu cha safari alichokiona: sita, sita na nusu, siku nzuri saba.

Tena lilikuwa na ugonjwa. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni kwangu, kofia mkononi. "Bosi, ukilikanyaga kwenye mlima linasita. Linakohoa mara tatu, halafu linaruka kama limechomwa sindano." Fundi alibadilisha plagi, akasafisha chujio la mafuta, akakagua nyaya. Likakohoa vilevile. Fundi alinawa mikono akasema gari halina kosa, labda mguu wa dereva ndio wenye kosa. Watu wakacheka, na Harithi akacheka nao.

Wiki iliyofuata alirudi na karatasi ya daftari. Ndani ya kile kimlango kidogo cha kujazia mafuta palikuwa na kibandiko cha maandishi ya Kijapani, naye alikuwa ameyachora kwa kalamu ya risasi, mstari kwa mstari, kama mtoto anayejifunza kuandika. Akaniambia, "Haya maandishi wameyaweka pale pale mafuta yanapoingilia. Hayawezi kuwa matangazo ya biashara."

Nilijua yanasema nini. Kwenye faili la gari, nyuma ya karatasi ile niliyoisoma kikaoni, kulikuwa na tafsiri iliyoletwa na wakala: injini hii itumie petroli ya daraja la juu pekee, ikipewa ya kawaida itakosa nguvu, itasita, na itatumia mafuta mengi zaidi. Petroli hiyo haikuuzwa popote huku kwetu. Niliisoma siku gari lilipofika. Nikaona kwamba nimeshauri shirika linunue gari ambalo haliwezi kulishwa Nachingwea, nami nikaitoa ile tafsiri kwenye faili nikaiweka nyumbani, ndani ya sanduku la nguo.

Nilimrudishia Harithi mchoro wake. "Ni jina la kiwanda," nikamwambia. Akashukuru, akatoka.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda upande mmoja. Mimi ndiye niliyepanga mgawo wa mafuta kwa kilomita kumi na tatu, kwa hiyo kila safari ya Harithi ilionekana imekula mara mbili. Mtu akauliza nusu nyingine inakwenda wapi. Mwingine, sikumbuki nani, alimpigia kelele uani, "Harithi, leo kidumu chako umekificha wapi?" Uwanja mzima ukacheka. Baada ya wiki mbili alikuwa Kidumu. Walimwita hivyo kwa uchangamfu, kama tunavyoitana kazini, na ndani ya uchangamfu huo kila mtu alikuwa akimwita mwizi.

Harithi hakugombana. Aliomba kitu kimoja: gari lijazwe hadi shingoni, kifuniko cha tangi kifungwe, mtu anayeaminika aliendeshe mwenyewe Nachingwea hadi Nambilanje na kurudi, kisha lijazwe tena na lita zihesabiwe. Mkurugenzi akakubali. Tulifunga kifuniko kwa waya na lakiri, ile nta ya kuyeyusha, kama tunavyofunga mifuko ya sampuli za mbegu, na kugonga muhuri. Mtu anayeaminika nilikuwa mimi. Nilikwenda peke yangu.

Nilirudi alasiri. Mita ilisoma kilomita mia mbili na arobaini. Wafanyakazi wote walikuja pale pampuni, Harithi akiwa mbele, amevaa shati safi. Lakiri ilikuwa nzima, waya umekaza. Mtunza stoo akaanza kujaza, na tangi likafurika kwenye lita ya kumi na saba. Hesabu hiyo haihitaji kalamu: kilomita kumi na nne kwa lita, bora hata kuliko karatasi ya muuzaji. Nilimwangalia Harithi. Alikuwa akiitazama lakiri, si mimi. Alisema taratibu, "Basi ni mimi," kama mtu anayejaribu koti la mwenzake kuona kama linamtosha.

Hawakumfukuza. Walisema wamemhurumia kwa ajili ya zile mvua za 1998. Walimnyang'anya leseni ya shirika wakampa geti.

Mwaka uliofuata mimi nikastaafu. Jarida hili hili liliandika kwamba nilikuwa mtu wa namba zilizonyooka. Nililisoma mara kadhaa. Siku ile nikiondoka na zawadi zangu, aliyenifungulia geti ni Harithi. "Shikamoo Mzee, uende salama," akasema, akalishikilia bawa la geti lisinigonge kwa upepo.

Sasa mazuri yake ya getini, maana ni mengi na hayajaandikwa popote. Kwa miaka kumi na saba hakuna gari lililotoka kituoni na nati ya gurudumu iliyolegea, kwa sababu Harithi aliinama kukagua kila moja ingawa hakuna aliyemwagiza. Aliijua injini kwa sikio. Dereva kijana akija na gari linalokatakata, Harithi alikuwa akimwambia akiwa amekaa kwenye kiti chake, "Silinda ya tatu hiyo, nenda kaangalie plagi," na fundi alikuta ni ya tatu. Aliandika mita ya kila gari likitoka na likiingia, kwa mwandiko safi, bila kukosa siku. Aliwaambia madereva wapya: andikeni mnachokiona, hata kama hakipendezi.

Ile saluni iliuzwa kwa mnada. Aliyeinunua, Bi Agatha mwenye mashine ya kukoboa kule Chiola, hakumaliza nayo nusu mwaka. Alikuja hadi getini kumwuliza Harithi. "Kaka, wewe uliyekuwa unaliendesha, niambie ukweli. Mbona linakunywa hivi? Nami sina dereva wa kumsingizia, naliendesha mwenyewe!" Waliokuwa karibu walipasuka kwa kicheko, wakasema Kidumu amemrithisha mama wa watu dumu lake. Ushahidi ulisimama getini kwa miguu yake, nao wakaufanyia mzaha. Nilisimuliwa hilo nikiwa hapa Ruangwa, na nilinyamaza. Mara ya mwisho nilisikia kuku wanatagia kiti cha nyuma cha gari lile.

Uchungu wa jina lile wapo wa kuulizwa kuliko mimi, nao ni watu wa nyumbani kwake. Mkewe Ashura aliacha kuja kwenye sherehe za shirika. Binti yao Hafidha, ambaye leo ni mwalimu, alimaliza shule ya msingi akiitwa mtoto wa Kidumu na watoto wa wafanyakazi wetu, na watoto hao walilipata jina hilo mezani kwetu.

Mwezi uliopita Harithi alikuja kunitazama. Alileta mihogo na chupa ya asali. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, tukaulizana habari za afya, kisha akasema, "Mzee, ofisini wameniambia niteue wa kuandika wasifu wangu. Nimekutaja wewe."

Nikamwuliza kwa nini mimi, wakati wapo vijana wenye nguvu.

"Wewe ndiye unayejua nilivyoendesha."

Akanimenyea muhogo mmoja, akauweka kwenye sahani, akaendelea bila kupandisha sauti. "Lubasha alinieleza, Mzee. Zamani. Hata mwezi haukuisha tangu siku ile."

Lubasha ni mfugaji. Wakati ule familia yake ilikuwa na miaka miwili tu tangu ihamie Nambilanje na ng'ombe wake, ikitokea Kanda ya Ziwa. Alikuja kituoni kununua mbegu za ufuta, akaiona saluni nyeusi imeegeshwa uani, akamweleza mlinzi wa geti habari za gari hilo, bila kujua mlinzi huyo ni nani.

Nikamwuliza Harithi kwa nini hakusema. Alinitazama kama ninavyostahili kutazamwa.

"Ningesema shahidi wangu ni nani? Mwaka ule kila wiki kulikuwa na mkutano wa kuwafukuza wafugaji. Mbaazi ikiliwa ni wao, kisima kikichafuka ni wao. Ningemtaja Lubasha, wangemtoa yeye na watoto wake kwanza. Na mimi geti lingebaki geti. Neno lake na langu juu ya neno lako, Mzee? Nani angetusikiliza?" Akasimama, akachukua kofia. "Mimi sidai kitu. Nataka siku ile ya kuagwa Hafidha akae mbele, na kinachosomwa kiwe kweli."

Kwa hiyo naomba Hafidha akae mbele, na msomaji asiruke mstari.

Ndugu Harithi, shirika linakushukuru kwa miaka thelathini na minne. Mimi sina haki ya kukushukuru, naona haya hata kukuombea. Lakini nakutakia siku ndefu za kupumzika na Ashura, na wakulima wa Malolo waendelee kukuita kwa jina ulilopewa na wazazi wako.

Hii ndiyo safari ya Nambilanje. Kwenye mlima gari lilisita, likakohoa mara tatu, likaruka, kama ulivyosema. Nilipofika kijijini mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka mbali sana, nikajua kwamba kila ulichoandika kitabuni kilikuwa kweli, na kwamba jioni hiyo watu wangedai maandishi ya kile kibandiko yatafsiriwe. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Lubasha, mwenye pampu ya kunyweshea ng'ombe, akiwauzia petroli wenye pikipiki. Nilivunja lakiri. Nilimimina lita ishirini kutoka kwenye dumu lake la njano, naye akicheka, "Mzee, ng'ombe wangu wanakunywa kidogo kuliko huyu!" Nilipowasha kiberiti kuyeyusha lakiri mpya, aliruka nyuma akipiga kelele kwamba nitawaunguza. Muhuri na kipande cha lakiri vilikuwa mfukoni mwangu, kwa sababu niliaminiwa. Nikagonga, nikaondoka.

Harithi hakuwahi kubeba dumu. Aliyelibeba ni mimi.