Kundi Lote Kwenye Boma Moja

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa chama cha kusoma na kuandika. Mnajua ninavyowafokea wanaochelewesha kazi. Leo zamu yenu, nifokeeni mimi.

Mama yangu aliishi nje kidogo ya Hadado, akifuga ngamia. Hakuingia hata darasa la kwanza, lakini kichwani alikuwa na buraanbur, yale mashairi ya wanawake: ya harusi, ya kiangazi, ya kumliwaza mfiwa. Nikaamua kuyafanya kitabu. Kila likizo ya shule nilitoka hapa Garissa nikaenda kwake, nikaweka simu kwenye mkeka, nikarekodi, naye akaimba. Miaka miwili. Sauti zote zikakaa ndani ya simu ileile moja.

Mtasema, mwalimu mzima, hukuweka nakala? Ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliogopa jicho la hasidi. Tumelelewa hivyo, ngamia hahesabiwi kwa sauti mbele ya watu. Nikasema kitabu changu nacho kisionekane mpaka kiishe. Mliponiuliza hapa naandika nini, nilijibu, "Vitu vidogo vidogo tu." Naona wengine mnacheka, mnakumbuka.

Na kuandika kwenyewe nilikuwa sijaandika. Nikikaa tu kuanza, nafungua simu, nakuta kundi la ukoo linabishana, kundi la walimu linabishana, mtu katuma video ya ngamia wake. Nami naingia kubishana. Siku imekwisha.

Kisha mama akafariki. Nilifika Hadado amekwisha kuzikwa. Wakati wa kurudi nikapita Wajir kwa jamaa zetu, nikaenda kisimani kuteka maji ya udhu. Nilipoinama kuvuta kamba ya ndoo, simu ikachomoka kwenye mtandio. Nikasikia chubwi!

Waliiopoa. Nikaikimbiza kwa fundi wa simu sokoni, mzee mwenye ndevu za hina. Akaifungua, akaipuliza, akatikisa kichwa.

"Abaayo, dada yangu," akaniambia, "hii simu imekunywa maji mingi kushinda ngamia. Hii ni ya kuzika tu."

Hakujua nimetoka wapi. Nilimfokea mbele ya wateja wake, maskini, nikaondoka nikilia. Mama nilikuwa nimempoteza mara mbili ndani ya wiki moja.

Mnajua nilivyotoweka hapa. Sikusoma, sikuandika. Nikiona daftari, moyo unauma. Nilijichukia, na ninyi nikawakwepa hata barabarani.

Mwishowe nikaenda Ifo, kambi ya wakimbizi, kumpa pole habaryar wangu, dada yake mama. Yeye aliolewa ng'ambo ya mpaka, vita vikamleta kambini. Nikamkumbatia, nikamwambia yote: mama ameondoka, na sauti yake nimeitumbukiza kisimani.

Akanitazama kama mtoto asiyejua kukama. "Sauti gani imeingia kisimani?" Akatoa simu yake, kioo kimepasuka, akabonyeza. Mama akaanza kuimba.

Nikasogeza sikio kwenye kioo kile.

Kumbe kila nilipomaliza kurekodi, mama alikuwa akisema, "Nipe simu nimsalimie dada yangu." Nampa, nakwenda kuswali. Nilidhani ni salamu, na salamu za wakubwa huzisikilizi. Yeye alikuwa anamwimbia dada yake shairi lilelile la siku hiyo, anamtumia kwa ujumbe wa sauti. Mashairi yote! Na mwisho wa moja nikamsikia akisema: "Walaal, ndugu yangu, usifute hizi. Binti yangu amesoma sana, lakini kundi lake lote amelilaza kwenye boma moja."

Wallahi, ndugu zangu, nililia na kucheka pamoja. Nimekua naona kiangazi kikikaribia, mama anagawa ngamia: hawa kwa mjomba, hawa kwa shemeji, hawa wabaki, ili ukame usiwamalize wote. Mimi nilishika mila ya kutohesabu, nikasahau ya kugawa. Asiyejua kusoma ndiye aliyekihifadhi kitabu.

Siku hiyo habaryar akanitumia zote kwenye simu yangu mpya, nami nikaapa kutorudia kosa. Sasa nikishaswali alfajiri, simu naiweka kwenye hali ya ndege, ujumbe wowote usinifikie. Nasikiliza mistari miwili, nasimamisha, naandika kwa mkono kwenye daftari. Halafu naupiga picha ukurasa huo, nautuma kwenye barua pepe yangu mwenyewe. Mafaili nayo nayapa majina ya maana: mahali, neno la kwanza la shairi, tarehe. Zamani nilikuwa na "mpya," "mpya kabisa" na "mpya ya mwisho," sijui ipi ni ipi. Jioni nachapa kwenye simu nilichoandika, na ninapopika naiachia inisomee. Sentensi mbovu sikio halisamehe. Na vitabu vya kusoma navipakua mapema palipo na mtandao, ili nikienda kwa wafugaji nisome bila kutafuta mlima wa kupanda.

Kila Ijumaa nakala inakwenda Ifo, na nyingine kwa yule fundi wa Wajir. Ndiyo, nilirudi kumwomba radhi. Ameiweka kwenye kompyuta yake, na mkewe anasikiliza.

Jicho? Bado naliogopa, sitawadanganya. Nasema mashallah, natuma.

Shairi la mwisho nimelimaliza juzi. Namshukuru habaryar kwa kutofuta, fundi kwa kusamehe, na ninyi mliokuwa mkiniulizia hata nilipowakwepa. Mama yangu, Mungu amrehemu, shukrani zake ni kitabu hicho.

Sitaki makofi. Najua kila mmoja hapa ana kitu kakificha ndani ya simu yake: hadithi, shairi, sauti ya bibi. Toeni simu. Mtumie aliyekaa kando yako, sasa hivi, hata kama haijaisha, hata kama ina makosa. Mimi nasimama hapa hapa, na siketi mpaka nisikie simu zote humu ndani zimelia.